NJIA YA HATUA KWA HATUA: MAFUNZO NA TAFAKURI KATIKA UBUDHA, NA SWALI LAKE KWA MCHUNGAJI

1. Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza, kwa utaratibu na kwa haki, jinsi Wabudha wanavyoifahamu safari ya kiroho kuwa njia ya kupandwa hatua kwa hatua, na jinsi mafundisho na tafakuri vinavyokwenda pamoja katika njia hiyo. Baada ya maelezo hayo tutajaribu kuipima njia hiyo kwa kipimo cha Maandiko na Maungamo yetu, kisha tutagusa mambo machache yanayomhusu mchungaji katika usharika.

Huenda msomaji akauliza: Mchungaji wa Igunga, ambaye Wakristo wake hulima pamba na mpunga na kuchunga ng'ombe katika mbuga za Manonga na Wembere, ana shughuli gani na Ubudha? Tunajibu kwa sababu tatu. Kwanza, Ubudha umekwisha kufika Afrika Mashariki, nao una waalimu Waafrika. Pili, vipande vya mazoezi yake vinawafikia washarika wetu kwa njia ya simu, vitabu na semina za afya, mara nyingi bila jina la Budha kutajwa. Tatu, na hii ndiyo sababu iliyo kubwa, amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 anatufundisha kwamba kuishika amri hiyo ni pamoja na kumtetea jirani na kuyaeleza mambo yake kwa namna iliyo njema. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba jirani wa dini nyingine hahesabiwi.

2. Ubudha katika Afrika Mashariki

Mwanzoni mwa karne ya 20 watu wa kisiwa cha Ceylon, ambacho leo kinaitwa Sri Lanka, walikuja katika nchi yetu kufanya kazi. Wale waliokuwa Wabudha wa kabila la Wasinghala walianzisha chama chao Dar es Salaam, na hatimaye hekalu likajengwa, ambalo lipo hadi leo. Hekalu hilo huhesabiwa miongoni mwa mahekalu ya kwanza ya Kibudha katika bara la Afrika. Kwa miaka mingi mtawa kutoka Sri Lanka, Ilukpitiye Pannasekara, amehudumu hapo.

Nchini Uganda habari ni ya namna nyingine. Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyezaliwa mwaka 1966 na kulelewa katika Kanisa Katoliki, alikwenda kusoma India mwaka 1990, na huko akafahamiana na watawa wa Kibudha. Mwaka 2002 aliwekwa wakfu kuwa mtawa huko California, Marekani, na mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Kibudha nchini mwake, karibu na Entebbe. Katika Dar es Salaam Ubudha uliletwa na wageni kwa ajili ya wageni. Katika Uganda umeletwa na mwana wa nchi kwa ajili ya ndugu zake. Tofauti hiyo haina budi kuzingatiwa na kila anayefundisha misiolojia katika vyuo vyetu.

Wote wawili ni wa tawi la Theravada, yaani mafundisho ya wazee, linalofuatwa zaidi Sri Lanka, Burma na Thailand. Maelezo yetu yatafuata tawi hilo.

3. Maana ya njia ya hatua kwa hatua

Katika maandiko ya Kibudha ya lugha ya Kipali, Budha anayalinganisha mafundisho yake na bahari. Bahari, asema, huingia kina kidogo kidogo; haianguki ghafla kama genge. Msomaji wa Igunga anaweza kulifahamu jambo hili kwa kinyume chake. Msafiri atokaye Singida huteremka mlima wa Sekenke kwa muda mfupi, na mara hujikuta yuko chini katika tambarare ya Wembere. Njia ya Budha haifanani na Sekenke. Yafanana na ufuko ambao mtu aweza kuingia majini hadi kifundo cha mguu, kisha hadi goti, kisha hadi kiuno, pasipo kujua ni wapi hasa alipoiacha nchi kavu.

Andiko jingine lasimulia habari za Moggallana, mtu wa hesabu, aliyemwendea Budha na kumwambia kwamba kila kazi ina utaratibu wake wa kujifunza. Nyumba hupandwa kwa ngazi, na mwanafunzi wa hesabu huanza na moja, kisha mbili, hata afike mia. Akauliza kama mafundisho ya Budha nayo yana utaratibu wa namna hiyo. Budha akajibu kwamba unao, akaueleza. Mwanafunzi huanza kwa kuzishika kanuni za mwenendo mwema, akiisha kuzizoea, huilinda milango ya macho, masikio na fahamu nyingine, kisha hujifunza kiasi katika kula, kisha kukesha, kisha kuwa macho katika kila tendo, akienda au akirudi, akila au akinyamaza, ndipo hutafuta mahali pa upweke na kuketi katika tafakuri.

Tuone mahali tafakuri ilipowekwa katika mpango huo. Haikuwekwa mwanzoni. Mtu asiyeacha wizi na uongo haalikwi kufumba macho na kutafuta utulivu, kwa kuwa, kwa maoni ya Wabudha, moyo wenye deni kwa jirani hauwezi kutulia.

Wabudha hukusanya hatua hizi zote katika mafunzo matatu. La kwanza ni sila, yaani mwenendo mwema. Kwa mtu wa kawaida, asiye mtawa, mwenendo huo una kanuni tano: kutoua kiumbe chenye uhai, kutotwaa kisichotolewa, kutozini, kutosema uongo, na kutotumia vileo. La pili ni samadhi, yaani kuukusanya moyo uliotawanyika. La tatu ni panna, yaani hekima ya kuyaona mambo yalivyo: kwamba yote yapita, kwamba yote yanayopita hayaridhishi, na kwamba katika hayo yote hakuna nafsi ya kudumu. Ile njia maarufu yenye sehemu nane imegawanyika katika mafunzo haya matatu. Usemi, matendo na riziki iliyo halali ni sehemu za mwenendo. Bidii, uangalifu na utulivu ni sehemu za kuukusanya moyo. Mtazamo na nia iliyo sawa ni sehemu za hekima.

Katika karne ya 5 B.K. mwalimu Buddhaghosa, akiwa Anuradhapura katika Sri Lanka, aliyaweka mafunzo haya matatu kuwa msingi wa kitabu chake kikubwa kiitwacho Visuddhimagga, yaani Njia ya Utakaso. Tibet nayo ina mapokeo yake ya njia ya hatua, yaliyoanzishwa na Atisha (982–1054) na kupanuliwa na Tsongkhapa (1357–1419). Kwa hiyo jambo hili si la tawi moja tu, ingawa wamekuwapo Wabudha wengine, hasa wa China na Japani, waliofundisha kwamba mwanga humjia mtu kwa ghafla.

4. Kusoma, kutenda na kupenya

Wanafunzi wa theolojia watapendezwa kujua kwamba Wabudha wanaona hatari ya kusoma bila kutenda, na hatari ya kutenda bila kusoma. Husema juu ya mambo matatu yafuatanayo: pariyatti, yaani kuyasoma mafundisho, patipatti, yaani kuyatenda, na pativedha, yaani kuyapenya kwa ufahamu wa ndani. Vivyo hivyo husema kwamba hekima ni ya namna tatu: ipatikanayo kwa kusikia, ipatikanayo kwa kufikiri, na ipatikanayo kwa kuikuza katika tafakuri. Anayesikia tu hufananishwa na mchungaji wa ng'ombe wa kukodiwa, ambaye huwahesabu ng'ombe wa watu wengine lakini haonji maziwa yao. Mfano huu hauhitaji tafsiri kwa mtu wa Igunga.

Ni muhimu hapa kuondoa kosa moja linalosikika sana. Watu husema kwamba tafakuri ya Kibudha ni kuiacha akili tupu, na kwa kuwa nyumba tupu huingiliwa na pepo (Mathayo 12:43–45), basi tafakuri hiyo ni kumkaribisha shetani. Hoja hii haisimami, kwa sababu msingi wake si kweli. Anayetafakari huipa akili kitu kimoja cha kushika. Mara nyingi kitu hicho ni pumzi yake mwenyewe: hutambua kwamba pumzi yaingia, hutambua kwamba yatoka. Akili ikitoroka, huirudisha bila hasira. Baadaye huangalia mambo manne kwa uangalifu: mwili, hisia, hali ya moyo, na mambo yanayopita moyoni. Katika zoezi hilo haiti mizimu wala hapigi ramli.

Waalimu wao hutaja vizuizi vitano vinavyomsumbua anayeketi kutafakari: tamaa ya anasa, chuki, uzito na usingizi, fadhaa na majuto, na mashaka. Mchungaji yeyote aliyewahi kujifungia chumbani ili aombe kwa saa moja anawafahamu adui hawa watano kwa majina. Katika jambo hili Mbudha na Mkristo wanaeleza moyo mmoja wa kibinadamu.

5. Kirangozi na mzigo

Moggallana alikuwa na swali la pili. Aliuliza kama wanafunzi wote wanaofundishwa hufika mwisho. Budha akasema kwamba wengine hufika na wengine hawafiki. Moggallana akastaajabu: mwisho upo, njia ipo, na mwonyeshaji njia yupo, kwa nini wengine wasifike? Budha akamwuliza: Mtu akikuuliza njia ya kwenda mji wa Rajagaha, nawe ukamweleza barabara, kisha yeye akashika njia nyingine, wewe una nini la kufanya? Vivyo hivyo yeye, Budha, ni mwonyeshaji wa njia tu.

Kwetu sisi jibu hili ndilo moyo wa jambo lote, na historia ya eneo letu yatusaidia kulielewa. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita kusini ya Igunga, na Wanyamwezi walijulikana kote kuwa wapagazi hodari. Burton na Speke walioondoka pwani mwezi Juni 1857 walifika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba mwaka huohuo. Safari hiyo haikuwa na njia ya mkato. Ilikwenda kambi kwa kambi. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, aliyezijua njia, maji na makambi. Bila kirangozi msafara ungepotea. Hata hivyo, kirangozi hakuuchukua mzigo wa mpagazi. Kila mtu alikuwa na mzigo wake, yapata kilo 30, begani au kichwani, na aliyeshindwa kuuchukua aliachwa nyuma.

Budha wa Theravada ni kirangozi. Wabudha wenyewe hawamdai zaidi ya hayo, wala si haki sisi kusema kwamba wanamwabudu kama Mungu muumba.

6. Tathmini ya Kilutheri

Kwa kawaida Walutheri hujibu kwa neno moja: Ubudha ni dini ya matendo. Neno hili lina ukweli, lakini likisemwa upesi hupotosha. Hatuna budi kutofautisha mambo manne.

Kwanza ni ugonjwa unaotibiwa. Sisi tunakiri kwamba ugonjwa wa mwanadamu ni dhambi, yaani kuvunjika kwa uhusiano wake na Mungu aliye hai, pamoja na hatia itokanayo. Mbudha asema kwamba ugonjwa ni mateso yatokanayo na kiu ya kutaka na ujinga wa kutojua. Yeye hajaribu kujihesabia haki mbele ya Mungu, kwa sababu katika mafundisho yake hakuna hakimu ambaye mbele yake atasimama. Kwa hiyo tusimfananishe haraka na Farisayo wa Luka 18. Tunalopaswa kumweleza kwanza ni habari ya Mungu ambaye anamtafuta.

Pili ni mwisho wa safari. Nibbana ni kuzimika kwa moto wa tamaa, chuki na ujinga, na kukoma kwa mzunguko wa kuzaliwa tena. Tumaini letu ni ufufuo wa mwili na ushirika na Mungu usio na mwisho. Sisi hatusemi kwamba nafsi ni kivuli cha kuondolewa. Tunasema kwamba Mungu amemwita kila mmoja kwa jina lake.

Tatu ni hatua zenyewe. Je, Mkristo hana hatua? Anazo. Bwana alifundisha juu ya mbegu iotayo kwanza jani, kisha suke, kisha ngano pevu (Marko 4:26–29). Petro anatupangia mambo ya kuongezwa moja juu ya jingine, kuanzia imani hadi upendo (2 Petro 1:5–7). Paulo alikiri kwamba hajafika bado (Wafilipi 3:12). Lakini tuone hatua hizo zinaanzia wapi. Katika Ubudha hatua zinaelekea kwenye uhuru. Katika Injili zinatoka kwenye uhuru. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 laweka kuhesabiwa haki katika kifungu cha nne, na utii mpya katika kifungu cha sita, na mpangilio huo una maana. Tena, Mbudha hufundisha kwamba aliyefika daraja ya kwanza ya watakatifu, yule aliyeingia kijitoni, hawezi kurudi nyuma tena. Mlutheri yeye hurudi kila siku kwenye ubatizo wake, mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, na kwake kuendelea mbele ni kuanza tena.

Nne ni mwonyeshaji wa njia. Yesu hakusema tu kwamba anaijua njia. Alisema kwamba yeye ndiye njia (Yohana 14:6). Tena aliuchukua mzigo wetu (Isaya 53:4) na kuwaita waliolemewa waje kwake (Mathayo 11:28). Kwa mfano wa msafara, huyu ni Kirangozi aliyerudi nyuma, akamkuta mpagazi aliyeanguka kando ya njia, akamchukua pamoja na mzigo wake. Hapa ndipo tofauti ilipo, nasi tusiifiche kwa adabu.

Hata hivyo, tukumbuke kwamba wapo pia Wabudha wanaotegemea neema. Huko Japani mwalimu Shinran (1173–1263) alifundisha kwamba mwanadamu hawezi kupanda ngazi hizo, bali hupokelewa kwa ahadi ya Budha Amida peke yake. Karl Barth aliliona jambo hili na kulijadili katika Dogmatiki ya Kanisa, katika sehemu iliyochapishwa mwaka 1938. Alikiri kufanana huko na mafundisho ya Matengenezo, kisha akahitimisha kwamba linalotofautisha imani yetu ni jina la Yesu Kristo, wala si umbo la mafundisho ya neema kwa peke yake. Hilo ni onyo kwetu tunaodhani kwamba kulitaja tu neno neema kunatosha.

7. Katika usharika

Katika mojawapo ya mitaa ya Igunga ilitujia habari ya muuguzi mmoja Mkristo aliyefiwa na mwanawe. Katika semina ya afya alifundishwa kuketi kimya na kuifuata pumzi yake kila asubuhi. Majirani wakasema kwamba anaketi na jini. Baadhi ya wazee wa kanisa wakataka atengwe na Meza ya Bwana. Alipoulizwa, alijibu kwa utulivu: "Baba Mchungaji, baada ya matanga kila mtu alirudi kwake. Nilikuwa silali. Nikiihesabu pumzi napata kupumzika, ndipo naweza kuomba." Wazee walinyamaza. Hakutengwa. Badala yake akina mama wa mtaa walipangiwa zamu ya kumtembelea na kusali naye jioni.

Habari hii yatufundisha kuuliza kabla ya kuhukumu. Mazoezi yanayofundishwa siku hizi katika hospitali na ofisi kwa ajili ya kupunguza msongo wa mawazo yametokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mpango wake mwaka 1979 katika chuo kikuu cha Massachusetts, Marekani. Yeye alitwaa hatua moja ya ile njia, akaiondoa katika kanuni za mwenendo na mafundisho ya hekima, akaifanya kuwa tiba. Hivyo mchungaji ana mambo matatu ya kupambanua: njia nzima ya Kibudha, ambayo ina shabaha yake na ambayo Mkristo hawezi kuifuata kuwa njia ya wokovu; zoezi la afya, ambalo hupimwa kama tiba nyingine kwa faida na madhara yake; na tafakuri ya Kikristo. Anayechanganya haya matatu huwafunga watu wasio na hatia, au huwaacha wanaopotea.

Maswali matatu yatamsaidia. Je, unalitafuta hapo pumziko la mwili, au wokovu wa roho? Je, zoezi hili lakupeleka kwenye Neno na Sakramenti, au lachukua nafasi yake? Je, lakurudisha kwa jirani, au lakutenga naye? Majibu hayatafanana kwa kila mtu.

8. Hazina tuliyoisahau

Jambo la mwisho latuhusu sisi wenyewe. Washarika wetu wakitafuta utulivu mahali pengine, ni lazima tuulize kama tumewafundisha kutafakari. Yoshua aliagizwa kuitafakari torati mchana na usiku (Yoshua 1:8), na Mariamu aliyaweka maneno yote moyoni mwake na kuyafikiri (Luka 2:19). Mwaka 1535 Luther alimwandikia Peter, kinyozi wake, kijitabu kifupi kuhusu namna ya kuomba. Alimwelekeza atwae amri moja na kuisokota kama taji yenye nyuzi nne: amri hii yanifundisha nini, yanipa sababu gani ya kushukuru, yanionyesha dhambi gani ya kuungama, na yanipa ombi gani. Mwaka 1539 aliandika kwamba mambo matatu humfanya mtu kuwa mwanatheolojia: sala, tafakuri na majaribu.

Hapa pana tofauti mbili zinazostahili kufundishwa darasani. Tafakuri ya Luther hushika Neno litokalo nje, hulisoma kwa sauti, hulirudia na kulisugua kama mtu anayesugua jani lenye harufu nzuri. Haitegemei kile inachokiona ndani ya moyo. Tena, anayeketi Kibudha huhesabu fadhaa na mashaka kuwa vizuizi vya kushindwa kabla ya kuingia katika utulivu, bali Luther alifundisha kwamba katika majaribu hasa ndimo tunamojua jinsi Neno la Mungu lilivyo la kweli na lenye kufariji. Muuguzi wetu hakuhitaji kutulia kwanza ndipo Mungu amjie.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba njia ya Kibudha ni mpango wenye akili na nidhamu, unaounganisha mwenendo, masomo na tafakuri. Na kwamba wanaoifuata wastahili kuelezwa kwa kweli. Tumeona pia kwamba kirangozi wa njia hiyo huonyesha tu, lakini Kristo huchukua.

Tunapendekeza mambo mawili. Vyuo vyetu vifundishe Ubudha kwa kutumia maandiko yake na, ikiwezekana, kwa kuzungumza na watawa walioko Dar es Salaam na Uganda, pasipo kutegemea masimulizi ya mtu wa tatu. Nao wachungaji, katika darasa la kipaimara na katika mafunzo ya wainjilisti, wafundishe ile namna ya kinyozi, amri moja kwa juma, hata Mkristo wa mtaa wa mbali ajue la kufanya anapoketi peke yake alfajiri, kabla ng'ombe hawajatolewa zizini.